Simu, kipokezi, Klasi B au Klasi A: AIS ipi yafaa chombo chako hapa Lamu?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Shela, anayeendesha boti ya faiba ya kubeba wageni na mara nyingine huipeleka mpaka Kiwayu, alinikuta gatini akaniuliza: "Ami, hii AIS ninunue ipi? Au simu yatosha? Maana meli zote naziona kwenye simu." Maji yalikuwa yanapwa nami nilitaka kuuwahi Mkanda, ule mlango mwembamba wa baina ya Manda na bara, kabla haujakauka, kwa hiyo nilimjibu maneno mawili nikasukuma chombo. Njia nzima jibu lile lilinisumbua. Hapa namjibu kwa urefu, yeye na kila nahodha mwenye swali hilo, kwa sababu bahari yetu ya leo si ile ya miaka kumi iliyopita. Tangu gati la kwanza la bandari mpya lifunguliwe upande wa Kililana mwezi Mei 2021, mlango wa Ghuba ya Manda, baina ya kisiwa cha Manda na Pate, umekuwa njia ya meli kubwa. Na ni mlango huo huo tunaoukata sisi tukitoka Faza, Kizingitini na Kiwayu.

Kwanza tuelewane AIS ni nini. Ni redio tu. Chombo chenye kifaa hiki hujua kilipo kwa GPS, kisha kila baada ya muda mfupi hutangaza: mimi ni fulani, nipo hapa, naelekea huku, mwendo wangu ni huu. Matangazo hayo hupita katika masafa mawili ya VHF ya baharini, megahezi 161.975 na 162.025, na kila aliye karibu mwenye kifaa cha kupokea huyapata na kuyaona kwenye skrini. Intaneti haimo, wala hakuna kampuni inayokaa katikati ikikutoza kwa mwezi.

Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unazilazimisha meli za tani 300 za ujazo na zaidi zinazokwenda nchi za nje, meli za mizigo za tani 500 na zaidi hata zikiwa za safari za ndani, na meli za abiria za ukubwa wowote. Kwa safari za kimataifa sharti hilo lilikamilika mwishoni mwa 2004. Kwa hiyo meli ya makontena inayoingia Manda inatangaza. Mashua zetu hazitangazi. Sisi tuko gizani kwake, na yeye yuko gizani kwetu mpaka tuzione taa zake.

Kabla hujatazama bei, jiulize jambo moja: wataka kuona, au wataka kuonekana? Vifaa vyote vinagawanyika hapo.

Simu

Naanza na simu kwa sababu ndiyo iliyo mifukoni mwetu, na ndiyo iliyotaka kunitia hatarini.

Ilikuwa majira ya kaskazi, usiku, natoka Kizingitini na shehena ya samaki na watu wanne. Maji yalikuwa yamekupwa, Mkanda haupitiki, nikaamua kuzunguka nje ya Manda na kuingilia Shela. Upepo ulikuwa nyuma yetu, tanga limejaa, safari tamu. Nilipokaribia mlango wa ghuba nilitoa simu nikafungua programu ya kuonyesha meli. Nikaiona moja, maili nane upande wa bahari kuu, inaelekea ndani. Nikajiambia nina muda mwingi. Haukupita muda baharia wangu aliyekaa omo akapaza sauti. Nilipotazama kushoto niliona taa mbili nyeupe, moja juu ya nyingine, na chini yake nyekundu na kijani zote mbili kwa pamoja. Kila anayejua taa za meli anajua maana yake: yaja moja kwa moja. Tulitua tanga, tukawasha injini, tukageuza tulikotoka. Meli ilipita mbele yetu, na mawimbi yake yakatutikisa mpaka ndoo za samaki zikamwagika.

Asubuhi yake niliifungua tena programu ile nikaisoma kwa utulivu. Pembeni ya alama ya meli, kwa maandishi madogo, pameandikwa umri wa habari. Usiku ule ilikuwa habari ya dakika arobaini nyuma. Meli yenye mwendo wa noti 12, yaani maili 12 za bahari kwa saa, hukata maili nane kwa dakika arobaini. Yaani pale niliposoma "maili nane", ilikuwa imekwisha kufika nilipo mimi.

Kosa halikuwa la programu. Programu hizi huchukua matangazo ya AIS yaliyosikiwa na vituo vya nchi kavu au setelaiti, huyapeleka kwenye intaneti, kisha kwenye simu yako. Kituo cha nchi kavu husikia takriban maili arobaini kikiwa juu na pazuri. Pasipo na kituo, unategemea setelaiti inayopita kwa zamu, na habari huja imelala. Ukiongeza kwamba mtandao wa simu hukatika ukitoka nje ya Pate, simu inabaki kuwa kitu cha kutazamia ukiwa nyumbani: kujua meli gani inatarajiwa kesho, au jahazi la mjomba limefika wapi kama lina AIS. Na zipo programu zinazokuwekea alama yako kwenye ramani ukafurahi kwamba unaonekana. Alama hiyo iko kwenye intaneti. Kwenye skrini ya mshika usukani wa meli haipo.

Kipokezi peke yake

Kipokezi husikia bila kusema. Ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vya kweli, na hakirushi chochote. Kinachoonekana kwenye skrini ni cha sasa hivi: jina la meli, mwelekeo, mwendo, na hesabu ya pale mtakapokaribiana zaidi na baada ya dakika ngapi. Hesabu hiyo ndiyo dhahabu yake. Jicho la nahodha hujua meli inakuja. Kifaa kinamwambia itapita nusu maili mbele au itampanda.

Faida ya pili watu huisahau: jina. Ukiita kwenye chaneli 16 ya redio ya VHF "meli kubwa iliyo kushoto kwangu", katika bahari yenye meli tatu hakuna atakayejua anaitwa nani. Ukiita kwa jina, anajibu. Na kama redio yako ina DSC, yaani mfumo wa kuita kwa nambari, unaweza kuipigia meli hiyo moja kwa moja kwa nambari yake.

Siku hizi zipo redio za VHF zenye kipokezi cha AIS ndani yake, hata za mkononi. Kwa mwenye chombo kidogo hiyo ndiyo njia ninayoipenda: antena moja, waya mmoja wa umeme, kitu kimoja cha kulinda na maji ya chumvi. Ukinunua kipokezi cha kando, hakikisha kinasikiliza masafa yote mawili kwa wakati mmoja. Vya zamani husikiliza moja kisha nyingine kwa kupokezana, na nusu ya matangazo hukupita.

Upungufu wake ni mmoja lakini mkubwa. Unamwona mwenzako, yeye hakuoni. Jukumu lote la kukwepa liko kwako.

Klasi B, na ndani yake kuna mbili

Klasi A ndiyo ya meli kubwa; Klasi B ni ya vyombo vidogo, na hupokea na kurusha pia. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu kwenye boksi pameandikwa Klasi B na muuzaji haelezi zaidi. Tazama herufi zinazofuata: CS au SO.

Klasi B CS hurusha kwa wati 2. Husikiliza kwanza, ikipata upenyo hutangaza. Ukienda zaidi ya noti 2 hutangaza kila sekunde 30. Ukiwa pole kuliko hapo au umetia nanga, kila dakika 3.

Klasi B SO hurusha kwa wati 5, na hujiwekea nafasi yake ya kusema mapema kama zinavyofanya meli kubwa, badala ya kungoja upenyo. Mwendo ukizidi, nayo huzidisha kutangaza: sekunde 30 mpaka noti 14, sekunde 15 mpaka noti 23, na kila sekunde 5 ukizidi hapo.

Kuna wanaosema SO ni lazima kwa sababu ya msongamano wa matangazo. Hilo ni la bandari kama Singapore, ambako mamia ya vyombo husema kwa pamoja. Kwetu hakuna msongamano wa namna hiyo, na mimi singemwambia mtu wa mashua ya noti 6 alipie zaidi kwa sababu hiyo. Kwa noti 6, baina ya tangazo moja na jingine mashua imesogea mita 90 na kidogo, na anayekutazama anajua uliko. Lakini chukua boti ya faiba ya noti 24. Kwa sekunde 30 imekwenda mita 370. Ikikata kona baina ya matangazo mawili, kwenye skrini ya meli bado yaonekana inakwenda kule ilikokuwa ikielekea. Kwa SO, boti hiyo hiyo husogea mita 60 hivi tu kabla ya kutangaza tena. Basi tofauti ninayoiangalia mimi ni mwendo wa chombo, na baada yake zile wati 3 za ziada.

Jambo jingine la kulijua kabla hujalipa: kuwa na Klasi B hakumaanishi kwamba kila meli inakutazama. Baadhi ya skrini za zamani za Klasi A huonyesha alama yako bila jina, na mshika zamu anaweza kuzificha alama za Klasi B pale zinapomjazia skrini. Unaongeza nafasi ya kuonekana. Hujapewa hakikisho.

Klasi A

Sitakaa sana hapa. Wati 12.5, hutangaza kila sekunde 10 mpaka 2 kwa kadiri ya mwendo na kugeuka, ina skrini yake na kitufe cha kila hali ya safari, na bei yake ni mara kadhaa ya Klasi B. Inataka umeme wa uhakika na mtu wa kuihudumia: akiondoka gatini aweke "natembea", akitia nanga aweke "nimetia nanga", abadilishe bandari anayokwenda. Chombo kisicho na mtu wa kufanya hayo hubaki kinatangaza uongo kwa nguvu zaidi. Kama una jahazi kubwa la mizigo linalokwenda mpaka Mombasa na Zanzibar na lina jenereta, fikiria. Wenye boti za abiria wa Mokowe na Lamu wakamuulize mkaguzi wa KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya, chombo chao kinatakiwa kubeba nini, wasinunue kwa kusikia.

Kwa anayetaka kuona yote pamoja:

| | Simu | Kipokezi | Klasi B CS | Klasi B SO | Klasi A |
|---|---|---|---|---|---|
| Unaona meli? | Kwa kuchelewa, penye mtandao | Papo hapo | Papo hapo | Papo hapo | Papo hapo |
| Meli inakuona? | Hapana | Hapana | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo |
| Nguvu ya kurusha | haipo | haipo | wati 2 | wati 5 | wati 12.5 |
| Hutangaza ukiwa mwendoni | haipo | haipo | kila sekunde 30 | sekunde 30 hadi 5 | sekunde 10 hadi 2 |
| Leseni na nambari | hapana | redio ya VHF inahitaji leseni yake | ndiyo | ndiyo | ndiyo |

Kuifunga: hapa ndipo pesa hupotea

Nimeona Klasi B nzuri kabisa isiyosikika hata maili mbili, na tatizo halikuwa kwenye kifaa. Lilikuwa kwenye antena, kebo au umeme. Kwa hiyo soma sehemu hii hata kama hujaamua ununue nini.

Mawimbi ya VHF hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Kinachoamua umbali ni urefu wa antena mbili, yako na ya mwenzako, kuliko hata wati. Hesabu yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na cha mwenzako, zidisha kwa 2.2, unapata maili za bahari. Antena yako iko mita 4 juu ya maji, kipeuo chake 2. Ya meli iko mita 36, kipeuo 6. Jumla 8, mara 2.2, unapata maili 17 na kitu. Meli ya noti 12 inachukua karibu saa moja na nusu kuzimaliza maili hizo. Lakini mashua mbili zenye antena za mita 4 zitaonana kwa maili 9 hivi tu, na ukiifunga antena ubavuni mwa boti, mita moja juu ya maji, umejinyima mwenyewe. Juu ya mlingoti ndiko mahali pake. Kwa mashua zetu tatizo ni foromali, mti unaoshika tanga: ikipandishwa na kugeuzwa hukwangua kilicho juu. Mimi niliweka mti mwembamba tezi, umefungwa imara kwenye shetri, antena juu yake, mita 4 na nusu kutoka kwenye maji. Nimepoteza kidogo kwa urefu, nimeokoa antena.

Usigawe antena moja kwa redio na AIS kwa kiungio cha kawaida chenye tundu tatu. Redio ya VHF hurusha wati 25, na zikiingia kwenye AIS kwa mlango wa nyuma, AIS imekufa. Ama nunua kigawa antena maalumu kilichotengenezwa kwa AIS inayorusha, ama weka antena mbili, zikiwa mbali kadiri chombo kinavyoruhusu. Na usiwashe kifaa kinachorusha kabla antena haijafungwa; nguvu isiyo na pa kutokea hurudi ndani na kuunguza.

Kebo nyembamba ya RG-58 kwa mita 10 hula karibu theluthi ya nguvu kabla haijafika kwenye antena. Kwa kifaa cha wati 2 hiyo ni hasara ya kuuma. Tumia kebo nene zaidi, kata iwe fupi inavyowezekana, na kila kiungio kifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha utepe wa kawaida juu yake. Maji ya chumvi yakishaingia kwenye kebo hupanda ndani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na kebo hiyo haitengenezeki.

Antena ya GPS itazame mbingu. Ukiificha chini ya paa la bati la boti, haitaona setelaiti, na AIS isiyojua ilipo haitangazi mahali.

Umeme: Klasi B hula kidogo, kama robo ya ampea kwa volti 12. Usiku mzima wa saa kumi na mbili ni ampea-saa 3. Betri ya ampea-saa 100 haitasikia, na sola ndogo inarudisha. Kinachoua ni waya mrefu mwembamba na viungio vilivyoota kutu, volti zikashuka kifaa kinapotaka kurusha. Chukua umeme kutoka kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi karibu na betri.

Sasa taa za LED. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba baadhi ya taa za LED hutoa kelele za redio zinazoziba VHF na AIS. Sisi tumejaza taa hizi kwenye boti kwa sababu ni nafuu na hazili betri. Jaribu hivi: zima taa zote, weka redio kwenye chaneli tulivu, zungusha kitufe cha skwelchi, kile cha kuzima kelele, mpaka mchakacho unyamaze, ukomee hapo hapo. Kisha washa taa moja moja. Ukisikia mchakacho umerudi, taa hiyo ndiyo adui. Mimi ilikuwa taa yangu ya mlingotini, nusu mita kutoka kwenye antena.

Nambari na maelezo ya chombo yanahitaji umakini wa peke yake. Kifaa chochote kinachorusha kinahitaji MMSI, nambari ya tarakimu tisa. Za Kenya huanza na 634. Masafa na leseni za redio ziko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, anzia hapo. Ni nambari moja kwa chombo, ile ile kwenye redio ya DSC na kwenye AIS. Vifaa vingi vya Klasi B hukuruhusu kuiandika mara moja tu; ukikosea tarakimu, kinarudi kwa muuzaji. Iandike kwenye karatasi, aisome mtu wa pili, kisha ndipo ubonyeze. Usikubali kifaa chenye nambari ya chombo kingine. Mimi nilifungiwa kimoja na fundi ambaye hakufuta maelezo ya boti ya mteja wake wa kabla, na kwa wiki mbili mashua yangu ilitembea baharini kwa jina la mtu, na urefu wa mita 18 badala ya 9. Ningezama wiki hizo, waokoaji wangetafuta boti isiyo yangu.

Jaza urefu, upana, na mahali antena ya GPS ilipo kutoka omo na tezi. Chagua aina sahihi: chombo cha uvuvi ni 30, cha tanga ni 36, cha abiria huanza na 60. Ukimaliza, usiridhike na skrini yako mwenyewe. Muulize mwenye AIS aliye mbali nawe maili chache akusomee anachokiona.

Kuitumia bila kujidanganya

Kanuni ya 5 ya kanuni za kuzuia migongano baharini za 1972 inasema kila chombo kiwe na macho na masikio yake kazini wakati wote. AIS haikuifuta. Kwetu hii ina uzito zaidi kuliko kwingine, kwa sababu mitumbwi, madau na mashua nyingi za Lamu hazina kifaa chochote. Skrini tupu katika Ghuba ya Manda usiku haina maana kwamba ghuba ni tupu. Pengine kuna wavuvi kumi mbele yako, na mmoja wao ana tochi tu.

Kanuni ya 9 nayo itufikie masikioni: chombo kilicho chini ya mita 20, na chombo cha tanga, kisiizuie meli ambayo haiwezi kupita salama ila ndani ya mkondo mwembamba. Wengi wetu tulifundishwa kwamba chombo cha injini humpisha mwenye tanga. Ni kweli katika bahari wazi. Kwenye mkondo wa kuingilia bandari si kweli, na meli kubwa ya makontena ikitaka kusimama huhitaji maili nzima na zaidi. Ukiiona kwenye kifaa ingali mbali, ngoja upande wako, ipite, kisha ukate kwa pembe mraba nyuma yake.

AIS pia huamini kila inachoambiwa. Mahali hutoka kwenye GPS ya mwenzako. Ikiharibika au ikivurugwa, alama yake iko pasipo yeye. Jina limeandikwa na mtu, na mtu hukosea. Ukiwa na rada, linganisha. Usipokuwa nayo, linganisha na taa na dira.

Wavuvi huniuliza kuhusu siri ya mwamba wao wa samaki. Ni haki kuuliza: ukitangaza, kila mtu anajua ulikotia nanga. Klasi B nyingi zina kitufe cha kunyamaza, kinachozuia kurusha huku ukiendelea kupokea. Mwongozo wa IMO, shirika la kimataifa la mambo ya bahari, nao unamruhusu nahodha kuzima pale anapoona kuendelea kutangaza kunahatarisha usalama wa chombo chake, na walio karibu na mpaka wa Somalia wanaelewa kwa nini. Ila ukinyamaza kwa ajili ya samaki, washa tena kabla ya kuukata mlango wa ghuba. Naomba sana hilo.

Vile viboya vya bei rahisi vya kufunga kwenye nyavu vinavyojitangaza kama chombo, msivinunue. Hujaza skrini za meli kwa vyombo visivyokuwapo, na nambari zake mara nyingi ni za kubuni. Marekani ilitangaza mwaka 2018 kwamba kuviuza na kuvitumia ni marufuku. Wavu utiwe bendera na taa.

Na kwa mtu kuanguka majini kuna kifaa kidogo cha AIS cha kufunga kwenye jaketi la kuokolea, nambari yake huanza na 972. Kikiwaka kwenye maji husikika maili chache tu, tena na mwenye kipokezi tu. Kama huna AIS kwenye chombo chako, hakikufai. Bora kiboya cha dharura cha masafa ya megahezi 406, ambacho hupeleka wito kwa setelaiti, na kwa upande wetu kazi ya kuratibu uokoaji hufanywa na kituo cha Mombasa.

Basi nani achukue nini

Ikiwa boti yako haitoki baina ya Mokowe, Lamu, Shela na Matondoni, usinunue AIS mwaka huu. Nunua redio ya VHF ya mkononi isiyopitisha maji, taa halali za omo na tezi, na majaketi ya kuwatosha abiria wote. Pesa ikibaki, redio hiyo iwe ile yenye kipokezi ndani.

Mashua ya uvuvi au ya mizigo inayotoka nje usiku, inayokata mlango wa Manda au kwenda Kiunga: Klasi B CS, na antena iliyofungwa vizuri. Nikilazimika kuchagua baina ya SO yenye kebo mbovu na CS yenye kebo nzuri, nachukua CS bila kufikiri. Mwenye pesa ya kipokezi tu na achukue kipokezi, asingoje. Kinamwepusha na usiku kama ule wangu.

Boti ya faiba ya mwendo mkali: Klasi B SO.

Kijana wa Shela nimemwambia hivyo jana. Boti yake hukimbia noti 25 maji yakiwa shwari, na anakwenda Kiwayu na watu wasiojua kuogelea. Amekubali. Tumepima kutoka kwenye betri mpaka juu ya paa, mita 6 za kebo, na fundi wa Matondoni anamchongea mti wa antena wa mita 3 wa kusimama juu ya paa hilo. Maombi ya leseni anayapeleka wiki hii, kwa sababu bila nambari kifaa kitakaa kwenye boksi.